Atoaye damu apewe haki yake

Kwa miaka mingi wataalamu wa nchi za nje na wenzao wa hapa Afrika Mashariki wamekuwa wakitafuta katika damu ya wananchi siri ya magonjwa ya vimelea: malaria, matende na mabusha, kichocho na safura. Kazi hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono. Lakini njia za kuchukua damu zinabadilika, na kila njia mpya huja na wajibu wake. Leo twaona ni vyema kusema neno juu ya njia moja iitwayo aferesisi.

Mtoaji hulala kitandani akachomwa sindano mkononi. Damu yake hupita katika mirija mipya, ambayo hutumika mara moja tu na kutupwa, ikaingia katika chombo kizungukacho kwa kasi. Humo sehemu za damu hujitenga kwa uzito wake. Chembe nyekundu husukumwa pembeni. Plazma, yaani majimaji ya damu, hubaki ndani. Na katikati hukaa chembe nyeupe pamoja na chembe sahani, zile zinazogandisha damu penye jeraha. Sehemu inayotakiwa huwekwa kando, na iliyobaki humrudia mwenyewe, mara nyingi kwa mkono wa pili. Kazi yote huweza kuchukua saa mbili au tatu. Mashine ya kwanza ya kuitenganisha damu mfululizo namna hii iliundwa Marekani katika miaka ya 1960, na mhandisi George Judson wa kampuni ya IBM, ambaye mwanawe aliugua kansa ya damu, akishirikiana na madaktari wa kansa wa Bethesda.

Mtafiti wa vimelea anaitakia nini mashine hiyo? Anatafuta wingi. Mtu aweza kuishi na minyoo ya matende miaka mingi, vitoto vya minyoo vikizunguka katika damu yake usiku, wala mguu wake usivimbe. Jirani yake akavimba. Chembe nyeupe za huyu zina nini ambacho za yule hazina? Swali hilo lataka majaribio mengi, na kichupa kimoja cha damu hakitoshi. Aferesisi hutoa chembe nyeupe kwa mabilioni. Ndiyo maana maabara ya magonjwa ya vimelea ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, huko Bethesda, imekuwa ikiitumia kwa wagonjwa wanaojitolea. Tena njia hii ina fadhila moja kubwa kwa watu wa nchi kama yetu, ambako malaria na safura huwapunguzia watu damu: chembe nyekundu, ambazo mwili huchukua majuma mengi kuzirudisha, mtoaji hurudishiwa papo hapo.

Thamani ya kinachochukuliwa si ndogo. Mwaka 2018 wataalamu walichapisha habari za kingamwili zenye nguvu kubwa dhidi ya malaria, zilizopatikana katika damu ya Watanzania waliojitolea kupewa chanjo ya vimelea vilivyodhoofishwa. Mwaka 2022 ikatangazwa kwamba kingamwili nyingine, iliyotokana na damu ya mtu aliyepewa chanjo ya namna hiyo, iliwakinga watu wazima wa Mali kwa kiasi cha asilimia 88 katika muda wa miezi sita, kwa wale waliopewa kipimo kikubwa. Mifano hii hatuitaji kwa ajili ya mashine, bali kuonyesha kwamba damu ya mtu mmoja yaweza kuzaa dawa ya maelfu.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Wazee wa mwambao wanalikumbuka neno mumiani. Tangu enzi za ukoloni ilisemwa kwamba wako watu wanaokamata wapita njia na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Wako wasomi wanaoicheka hadithi hiyo. Sisi twaona ina funzo: watu waliona wakubwa wakifanya mambo bila ya kuwaeleza, wakajitungia maelezo yao wenyewe. Mwananchi aliyelazwa saa tatu akiitazama damu yake ikizunguka katika mirija atakwenda kusimulia nyumbani. Kama hakuelezwa vizuri, atasimulia mumiani, na kijiji kizima kitaikimbia hata zahanati.

Kwa hiyo, popote njia hii itakapotumika katika nchi zetu, twataka mambo matatu yatimizwe. Kwanza, usalama. Mtoaji apimwe wingi wa damu na mishipa yake ikaguliwe kabla ya kulazwa. Aelezwe kwamba sitrati, dawa inayozuia damu isigande ndani ya mashine, hushika kalisi ya mwilini, na yaweza kumtia ganzi midomoni na vidoleni. Akihisi hivyo aseme, naye atasaidiwa mara moja.

Pili, ridhaa ya kweli. Kutia sahihi au kidole gumba katika karatasi asiyoielewa si ridhaa. Aelezwe kwa lugha yake kinachochukuliwa, kinakopelekwa, kitahifadhiwa kwa muda gani, na kwamba ana haki ya kukataa bila ya kunyimwa matibabu. Nauli na siku yake ya kazi vifidiwe, lakini fedha isiwe chambo cha kumnasa maskini.

Tatu, mgawanyo wa faida. Tanzania inayo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na damu ya utafiti haisafirishwi nje bila ya mkataba. Mikataba hiyo itaje dawa itakapopatikana itauzwaje kwetu. Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusimamisha utaratibu wa kupitishia fedha za utafiti kwa washirika wa nchi za nje, hadi upangwe utaratibu mpya. Tukio hilo latukumbusha kwamba fedha za mgeni zaweza kukatika siku moja, ilhali damu iliyokwisha kusafirishwa hubaki katika majokofu ya ugenini.

Aidha, mashine ikiletwa kwa utafiti, ibaki hospitali. Aferesisi hutumika pia kuwabadilishia damu wagonjwa wa selimundu, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo.

Watafiti wanastahili heshima na msaada wetu. Lakini mkulima wa pwani anayenyoosha mkono wake ili wengine wapone si chombo cha utafiti, ni mshirika wake. Mashine humrudishia sehemu ya damu yake kabla hajainuka kitandani. Ni wajibu wa Serikali na wataalamu kuhakikisha kwamba faida nayo inamrudia.