Binti ametengwa, mwenzake yuko kwayani

BARAZANI
Na Anande Materu

Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito anaweza kurudi katika shule ya serikali baada ya kujifungua. Kabla ya hapo mlango huo ulikuwa umefungwa kwa miaka mingi. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja makosa dhidi ya maadili, na shule zilizitumia kumwondoa binti mara tu tumbo lilipoonekana. Siku hizi anarudi, anavaa sare, anakaa dawati moja na wenzake, anafanya mtihani.

Jumapili akija ibadani, katika sharika nyingi tunazozijua, mambo ni mengine. Jina lake limekwisha kusomwa mbele ya usharika kwamba ametengwa. Kwaya amesimamishwa, Meza ya Bwana haikaribii. Mtoto wake hatabatizwa mpaka mama arudi kundini, na kurudi kundini maana yake ni kusimama mbele ya watu wote, wakiwamo aliosoma nao shule ya Jumapili, akatubu huku watoto wakimkodolea macho.

Serikali imelitangulia kanisa katika huruma. Naandika hivyo kwa uchungu, maana kanisa ndilo lililopewa kazi hiyo kwanza.

Si kila mahali, na haki isemwe. Kuna wachungaji wanaomwita binti ofisini, wakaomba naye, wakamwachia anyonyeshe kwa amani, na mtoto akabatizwa kama watoto wengine. Wapo mapadre wa namna hiyo pia. Lakini desturi ya kutenga hadharani bado ina nguvu, na inajulikana sana kiasi kwamba mabinti wengi hawangoji kutengwa. Wanajitenga wenyewe. Wanahamia kwa shangazi mjini, au wanaacha kuja, na baada ya miaka miwili tunashangaa kusikia wako kwa nabii fulani. Wala si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Hao ni zaidi ya mmoja katika kila watano, na wengi wao walibatizwa na kupata kipaimara mikononi mwetu.

Sina ugomvi na nidhamu ya kanisa. Ugomvi wangu ni jinsi nidhamu hiyo inavyochagua wa kumshika. Inaona tumbo. Kijana aliyempa mimba hana tumbo, kwa hiyo Jumapili hiyo hiyo yuko mstari wa nyuma wa kwaya anaimba besi. Mfanyabiashara anayepunja mizani hana tumbo. Mwajiri anayekaa na mishahara ya vibarua wake miezi mitatu hana tumbo, na mara nyingi ndiye anayeongoza harambee ya jengo jipya. Dhambi inayojificha tunaiachia Mungu, lakini inayojionyesha tunaikimbilia wenyewe.

Biblia inalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Fungua Mwanzo sura ya 38. Sura hiyo husomwa mara chache madhabahuni, na sababu yake naielewa, kwa maana ni habari ya aibu tupu. Yuda, mwana wa Yakobo, alifiwa na wana wawili waliomwoa Tamari mmoja baada ya mwingine. Akamrudisha mjane huyo kwa baba yake, akimwahidi kumpa mwanawe wa tatu atakapokua. Kijana akakua, ahadi ikasahauliwa. Tamari akavua nguo za ujane, akajifunika utaji, akaketi kando ya njia ya kwenda Timna. Yuda akapita, akamdhani kahaba, akalala naye. Kwa kuwa hakuwa na mwana-mbuzi wa kumlipa papo hapo, aliacha rehani, pete yake ya muhuri, kamba yake na fimbo yake.

Miezi mitatu ikapita, Yuda akaletewa habari kwamba mkwewe ana mimba ya uasherati. Hakuuliza lolote, wala hakutuma mtu kusikiliza upande wa pili. Aliamuru atolewe nje achomwe moto. Tamari, akiwa tayari anatolewa, akampelekea zile rehani tatu pamoja na ujumbe kwamba mwenye vitu hivyo ndiye aliyempa mimba. Yuda akavitambua, akakiri kwamba mwanamke yule ana haki kuliko yeye.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nasimama kwenye ile amri ya moto. Mwenye kuitoa alikuwa mtu mzima, mkuu wa ukoo, mwenye muhuri wake. Hakuwa mnafiki wa kujua na kuficha. Hakujua kabisa kwamba anajihukumu mwenyewe. Hilo ndilo linalotisha. Mtu anaweza kutoa hukumu kwa moyo mweupe, akiamini analinda heshima ya nyumba, kumbe muhuri wake uko mkononi mwa mshtakiwa. Ni mabaraza mangapi ya wazee yamepitisha jina la binti huku baba wa mtoto akiwa mwana wa mmoja wao, naye hajui?

Mathayo alipoandika ukoo wa Yesu, hakumruka Tamari. Orodha yenyewe inakwenda kwa baba na mwana, hakuna aliyemdai ataje mama, lakini alimtaja, wa kwanza miongoni mwa wanawake wachache wa sura ile. Na kabla sura haijaisha analeta mimba nyingine inayonong'onwa.

Yusufu anajua jambo moja tu kwa hakika, kwamba mtoto si wake. Malaika hajamtokea bado. Torati iko upande wake, anaweza kumpeleka Mariamu mbele ya wazee na hakuna atakayemlaumu. Mathayo anamwita mtu mwenye haki, kisha anaeleza haki hiyo ilifanya nini. Hakutaka kumwaibisha, akaazimu kumwacha kwa siri. Tuangalie jambo lilivyofuatana hapo. Huruma ilitangulia maelezo. Yusufu alimsitiri Mariamu wakati bado anaamini kwamba amekosewa. Wazee wetu hupenda kusema tunafuata utaratibu, na utaratibu una mahali pake. Yusufu naye alikuwa na utaratibu, uliokuwa mkali kuliko wetu, na Maandiko yanamsifu kwa kutoutumia.

Sasa kuna jambo ambalo kanisa linapaswa kulisikia hata kama linakera. Kwa sheria za Tanzania, tangu mwaka 1998, kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wako ni ubakaji, aridhie asiridhie. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na kumpa mimba mwanafunzi kukawekewa kifungo cha miaka 30. Basi usharika unaomtenga binti wa miaka 16 unamwadhibu aliyetendewa jinai. Na wale wanaoita huruma kule kuyamaliza nyumbani, kwa mbuzi na laki kadhaa, ili jina la familia lisichafuke, wanalitumia vibaya jina la huruma. Huruma kwa mtoto ni kumpeleka aliyemdhuru mahali anapostahili. Msamaha ni wake aliyeumizwa, na hakuna mzee wa kanisa wala mjomba anayeweza kuutoa kwa niaba yake.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia tangu utoto. Mkilegeza, vijana wataharibika. Paulo hakuwachekea Wakorintho. Kweli, hakuwachekea. Katika waraka wa kwanza, sura ya 5, aliagiza mtu aliyekuwa akiishi na mke wa baba yake aondolewe kati yao. Lakini tusome na waraka wa pili, sura ya 2, anapomtaja mtu aliyekwisha kuadhibiwa na wengi. Hapo Paulo anasema adhabu hiyo imetosha. Anawasihi wamsamehe, wamfariji, wamhakikishie upendo wao, asije akamezwa na huzuni kupita kiasi. Hofu yake wakati huo si ulegevu. Anahofu kwamba Shetani atapata faida kwa ukali wa waumini. Sisi tumeushika waraka wa kwanza, wa pili tumeuacha.

Nidhamu yenyewe ina hatua, na Yesu alizipanga katika Mathayo 18. Hatua ya kwanza ni kumwendea mtu mkiwa wawili tu, wewe na yeye. Kanisa zima ni hatua ya mwisho, akishakataa kusikia. Sisi tunaanza na kipaza sauti. Mwaka 459 Papa Leo wa Kwanza aliwaandikia maaskofu wa Italia akikataza orodha za dhambi za watubuo zisisomwe hadharani, akieleza kwamba watu wengi wangeikimbia toba kwa aibu, au kwa kuogopa adui zao. Imepita zaidi ya miaka 1,500 na aibu ingali inawafukuza watu.

Ukali huu unatufuata hadi makaburini. Familia ina maiti mochwari, inaambiwa marehemu hakuwa akihudhuria jumuiya, bahasha zake hazijarudi, kwa hiyo padri hatakuja, au mchungaji hatakuja. Naelewa hasira ya wanajumuiya. Wao ndio wanaobeba majeneza, wanaochota maji na kupika kwenye misiba ya wengine, na inauma kumhudumia ambaye hakuwahi kuonekana. Hata hivyo marehemu hasikii adhabu hiyo. Anayeisikia ni mjane na watoto wake.

Wakatoliki wana sheria iliyoandikwa. Kanuni ya 1184 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataja wanaopaswa kunyimwa mazishi ya Kanisa: walioiacha imani waziwazi, wazushi, waliofarakana na Kanisa, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu ya kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wazikwe. Deni la zaka halimo. Kanuni ya 1181, inayohusu sadaka za mazishi, inaonya kwamba maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Aliyejiua, ambaye sheria ya mwaka 1917 ilimweka katika orodha ile, hayumo tena. Nasi Walutheri tukumbuke tulikotoka. Oktoba 31, 1517 Martin Luther alianza kugombana na wakuu wake kwa sababu msamaha ulikuwa umechanganywa na fedha. Usharika wa Kilutheri unaokagua kadi ya ahadi kabla ya kukubali kuzika umerudi upande ule aliokuwa akiupinga.

Tunasema kusamehe ni kugumu. Ni kweli, na Afrika Mashariki tuna mtu aliyeonyesha ugumu huo unafika wapi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, aliyewahi kufundisha shule hapa kwetu Dodoma, alikimbia usiku na mkewe Mera, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huo huo alitoa kitabu chenye jina linalosema kwamba anampenda Idi Amin. Hakuwa amesahau kitu, wala hakunyamazia maovu ya utawala ule. Aliendelea kuyasema akiwa uhamishoni. Alikataa tu chuki isimtawale. Mtu aliyeuliwa askofu wake mkuu aliweza kumwombea Amin. Sisi tunashindwa kumwombea binti wa kipaimara, ambaye hajamuua mtu, ambaye amezaa mtoto?

Kila usharika una daftari la waliotengwa, na kila parokia inawajua waliopotea. Wazee wa kanisa, wenyeviti wa jumuiya, kina mama wa umoja wa wanawake, nawaomba mlifungue daftari hilo kabla ya Kwaresima ijayo. Nendeni wawili wawili, jioni, bila kutangaza, mbebe sabuni na kanga kama mnavyofanya kwa mzazi mwingine yeyote. Ulizeni habari za mtoto kwanza. Mkikuta kwamba mama alikuwa chini ya miaka 18, mwongozeni hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, msimwache aende peke yake. Kisha mwambieni kwamba nafasi yake kwenye kwaya bado ipo, na mtoto abatizwe Jumapili ya ubatizo inayofuata pamoja na wenzake.

Na wewe mchungaji, usimsomee jina tena.