Tuliwaita waseme, hatukuwajibu

Kwa miaka minne nimekuwa mwandishi wa kumbukumbu za mikutano ya umma katika wadi yetu huku Pwani. Si kazi niliyoiomba. Nilipostaafu ualimu, msimamizi wa wadi alisikia kwamba mwandiko wangu unasomeka na kwamba siku za Jumanne sina pa kwenda, basi nikakabidhiwa daftari la jalada gumu, kalamu mbili, na kiti karibu na meza ya wakubwa. Katika daftari hilo, kila mwaka, imo sentensi moja ya mkono wangu mwenyewe: "Vijana walihudhuria kwa wingi."

Si uongo. Mwezi wa Mei, kamati ya bunge la kaunti inapokuja kusikiliza maoni juu ya makadirio ya bajeti, kusi imekwisha kukaza na vijana wa madau wako nchi kavu. Masika nayo imewapunguzia abiria wa boda boda. Basi wanakuja. Wanatia sahihi kwenye fomu ya mahudhurio, wanapokea soda, wanajibana kwenye madawati ya darasa la tatu huku magoti yakikaribia kidevu, na mbele yao anasimama afisa akiwasomea Kiingereza cha kitabu kinene ambacho nakala zake zilizoletwa ni mbili.

Katika mkutano mmoja kijana wa steji, niliyemfundisha hesabu akiwa darasa la sita, aliinua mkono. Nadhani meza kuu ilitarajia aombe mpira na jezi, kwa maana tumezoea kudhani kijana hana haja nyingine. Yeye akanigeukia mimi.

"Shikamoo mwalimu. Naomba kukuuliza wewe unayeandika. Mwaka jana tulisema taa ziwekwe pale njia panda ya zahanati. Yale maneno yalikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nililiandika swali lake, likawa nambari 14, na mkutano ukaendelea. Lakini usiku ule nililala macho wazi. Maneno yale niliyaandika mimi. Nilijua yalitoka kwenye daftari yakapigwa chapa na yakapelekwa makao makuu ya kaunti. Baada ya hapo sikujua lolote, na kibaya zaidi, haikuwahi kunipitia akilini kuuliza.

Maofisini utaambiwa kwamba vijana hawajali, wanachojua ni simu tu. Hoja hiyo ilipaswa kuzikwa mwezi wa Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na kila gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kwa mwaka. Vijana waliufungua mswada wenyewe, kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani kwao, kwa video fupi ambazo hata mimi nilizielewa. Mjukuu wangu alinisomea vifungu nikiwa napukuchua kunde, akanisahihisha mara mbili. Mimi, mwalimu wa miaka thelathini na mitatu!

Kamati ya Bunge ilikuwa imepokea maoni ya umma kabla ya hapo. Tangazo kwamba kodi ya mkate na ya magari zimeondolewa lilitolewa Juni 18, siku ambayo vijana walikuwa tayari wako katika barabara za Nairobi. Wiki moja baadaye, Juni 25, walifika Bungeni, na watu wakauawa. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Yamesemwa mengi juu ya siku zile na sitayarudia. La kwangu ni dogo: vijana wengi walijibiwa na serikali yao kwa mara ya kwanza siku ile, na ilibidi wafike barabarani ndipo wajibiwe.

Katiba ya 2010 imetaja ushiriki wa wananchi katika ibara ya 10 kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Ibara ya 118 inalitaka Bunge liwashirikishe watu, ya 196 inayataka mabunge ya kaunti yafanye hivyo hivyo, na ya 55 inawataja vijana waziwazi. Kualika tumejifunza, tena vizuri: mabango yapo, viti vinakodishwa, picha zinapigwa. Je, tukishawasikia, tuna deni la kuwaambia tumeyafanyia nini waliyoyasema?

Swali hilo si langu peke yangu, limefika hadi mahakamani. Julai 31, 2024, Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na miongoni mwa sababu zake ilisema Bunge lilipaswa kueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya umma. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Ilisema hakuna wajibu wa wazi wa kutoa sababu hizo kwa maandishi, ila ni desturi njema kufanya hivyo. Mimi si mwanasheria na sibishani na majaji. Ila nimeishi kwenye ofisi za umma muda wa kutosha kujua kwamba kitu kikiitwa desturi njema, hakifanywi.

Darasani ningeliona tatizo hili mapema. Mwalimu anayekusanya madaftari ya insha Ijumaa na asiyarudishe yakiwa yamesahihishwa, kufikia muhula wa pili anapokea insha za mistari minne. Watoto si wavivu. Wameshajua kwamba hakuna anayesoma.

Kuna wanaosema dawa ni viti: kijana mmoja katika kila kamati. Sipingi, ila nimeona viti hivyo vikijazwa. Mara nyingi kijana huwa na miaka 34, ni mpwa wa mtu, na hujifunza upesi kunyamaza.

Miezi kadhaa baada ya swali nambari 14, nilikaa na yule kijana na wenzake watatu kibarazani kwangu tukaandika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Tulichagua Kiswahili. Tuliomba jambo moja: mapendekezo yaliyotolewa na wadi yetu mwaka ule, lipi lilikubaliwa, lipi lilikataliwa, na kwa sababu gani. Afisa wa mapokezi aliisoma barua mara mbili, akaniuliza kama nimetumwa na mwanasiasa. Siku 21 zikapita. Tukaandika ya pili. Nilimwona kijana wangu akianza kuitazama simu yake nikizungumza, nikamwelewa.

Jibu lilikuja siku ya 47, karatasi moja yenye jedwali lililopinda. Maji ya kisima cha shule: yamekubaliwa, yatasubiri mwaka wa fedha unaofuata. Basari: tayari ipo. Taa za njia panda: zimekataliwa, kwa kuwa barabara ile ni ya Serikali Kuu, si ya kaunti.

Nilidhani watakasirika. Walikaa na karatasi ile karibu saa nzima. Mmoja alisema ni kisingizio. Mwingine akasema hata kama ni kisingizio, sasa tunajua mlango wa kubisha ni mwingine. Wakaanza kubishana ni ofisi gani hasa ya Serikali Kuu inayohusika, ubishi wa watu wazima juu ya barabara yao, nami nikaenda kuchemsha chai.

Karatasi ile moja ndiyo ninayoitaka kwa kila wadi, nazo ni 1,450 nchini. Ibandikwe kwa chifu, kwenye zahanati na kwenye steji kabla ya mkutano mwingine kuitishwa: mliomba nini, tumeamua nini, kwa nini, na cheo cha aliyeamua. Kisha mkutano ufunguliwe kwa kusomwa karatasi hiyo, kabla ya sala ya pili na hotuba ya tatu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya soda.

Mei iliyofuata, kati ya vijana wanne walioandika barua walikuja wawili. Wa tatu alikuwa Mombasa akitafuta kazi, wa nne alisema ataona. Yule wa steji alikaa safari hii dawati la mbele, na bahasha mkononi iliyoandikwa anwani ya Nairobi. Alipotia sahihi kwenye fomu nilimwona akipindua ukurasa kuangalia nyuma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama majina haya nayo huwa yanaenda mahali. Nikamwambia sijui, tutaandika barua nyingine.