Wa Kwanza Google Si Lazima Awe Mkweli

Majuzi shangazi yangu alituma shilingi 6,500 kwa namba isiyo sahihi. Alikosea tarakimu moja tu. Badala ya kunipigia, alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: alifungua Google, akatafuta namba ya huduma kwa wateja, akapiga ya kwanza aliyoiona. Aliyepokea alikuwa na adabu zote. Alimwita "mama", akampa pole, kisha akamwomba PIN "ili turudishe pesa haraka". Dakika chache baadaye, hata zile zilizobaki kwenye akaunti zikaenda.

Nilimuuliza, "Shangazi, kwani hukujua PIN haipewi mtu?"

Akanijibu, "Najua, mwanangu. Lakini hiyo namba ilikuwa juu kabisa. Kwani Google inaweza kuweka wezi mbele?"

Swali zuri sana hilo. Na jibu lake ni ndiyo, inaweza. Hebu tuone kwa nini.

Ukiandika swali lako, Google haianzi hapo kuzunguka mtandaoni kote. Kazi hiyo ilishafanywa mapema. Kuna programu zinazoitwa buibui, ambazo usiku na mchana hutembea kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine zikifuata viungo, na kunakili zinachokipata. Kilichonakiliwa huwekwa kwenye faharasa kubwa, sawa na ile orodha ya maneno nyuma ya kitabu cha shule inayokuambia neno fulani liko ukurasa gani. Wewe unapotafuta, inasomwa faharasa hiyo. Ndiyo maana jibu huja chini ya sekunde moja. Na ndiyo maana pia unaweza kuonyeshwa habari ya zamani: labda ukurasa umebadilishwa jana na buibui hajarudi kuuangalia.

Halafu inakuja kazi ya kupanga nani awe juu. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, walikuja na wazo rahisi lililotokana na utafiti wao Chuo Kikuu cha Stanford: kiungo ni kama kura. Ukurasa unaotajwa na wengi una uzito, na ukitajwa na wenye heshima, uzito unazidi. Ni kama unavyotafuta fundi mtaani. Ukiulizia kwa majirani na wote wakakuelekeza kwa mtu mmoja, unaenda kwake. Siku hizi huangaliwa mambo mengine mengi pia: maneno uliyoandika, lugha, mahali ulipo, ukurasa ni mpya kiasi gani, unafunguka vipi kwenye simu.

Lakini angalia vizuri. Hizo zote ni dalili tu. Hakuna mtu anayeinua simu kupiga kila namba na kuuliza, "Nyinyi ni kampuni kweli?" Dalili nazo zinaweza kutengenezwa. Tapeli anafungua ukurasa, anaujaza jina la kampuni na maneno "customer care Kenya", kisha anafungua kurasa nyingine za kuupigia kura. Google hupambana na ujanja huu kila siku, lakini si kila mara inawahi.

Kuna njia fupi zaidi: kulipia. Matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo, na nafasi zake huuzwa kwa mnada. Alama yake ni neno "Sponsored". Mtu aliyetoka kupoteza pesa, mikono ikitetemeka, atalionea wapi neno hilo?

Kwa hivyo mimi sikubaliani na wale wanaosema eti wateja wawe makini tu, yaishe. Sisi kwenye biashara ya pesa hatumfungulii mtu akaunti bila kuona kitambulisho. Anayeuza nafasi ya juu kwenye matokeo naye ana wajibu wa kumjua vizuri anayeinunua, hasa tangazo likigusa pesa za watu.

Na sisi makampuni tusijifiche nyuma ya Google. Mteja akilazimika kuitafuta namba yetu mtandaoni wakati amechanganyikiwa, tumeshamwangusha. Namba hiyo inafaa iwe ndani ya programu, kwenye menyu ya laini, kwa kila wakala, na kwenye ujumbe wa kila muamala. Tuonekane kabla tapeli hajaonekana.

Wakati huo wote haujafika, kwa hivyo fanya hivi leo, ukiwa umetulia. Chukua namba ya huduma kutoka kwenye programu yenyewe au kwa wakala aliyesajiliwa, uihifadhi kwenye simu. Ukilazimika kutafuta mtandaoni, ruka matangazo na usome anwani ya tovuti herufi kwa herufi kabla ya kupiga. Na yeyote akikuomba PIN, hata akiwa mpole namna gani, kata simu. Mhudumu wa kweli haihitaji kwa kazi yoyote.

Shangazi ameandika namba sahihi kwa kalamu nyekundu, akaibandika mlangoni mwa kabati la vyombo. Ananiambia, "Hii hapa hakuna anayeweza kulipia ikae juu yake."