Boxer ni Mbili

Nimechoka kuulizwa nabeba nini. Wikendi, GS za Nairobi hupita hapa Masaku zikielekea Kitui ama Wote, masanduku ya alumini ubavuni, na vijana wa steji huacha abiria wakimbilie kupiga picha. Nikipita mimi na nduthi yangu, begi limefungwa kwa blada kwenye keria, swali ni moja: "Msee, unapeleka mzigo wapi?"

Naenda Mombasa, buda. Kutembea tu.

Kichekesho ni kwamba zote mbili ni Boxer. Injini ya BMW inaitwa hivyo kwa sababu pistoni zake mbili zimelala huku na huku, zinatoka na kurudi kama ngumi za bondia. Wameitengenezea pikipiki tangu 1923. R 1250 GS ina cc 1,254, nguvu za farasi 136, kilo 249. Ya kwangu, Bajaj Boxer BM150, ina silinda moja, farasi kama 12, na uzito karibu nusu ya huo. Bei ya GS moja mpya ingenunua Boxer zaidi ya kumi. Ukisoma karatasi, GS imeshinda hata kabla ya kuwashwa.

Lakini watu wanasahau Mongolia. Mwaka wa 2004 Ewan McGregor na Charley Boorman walizunguka dunia na BMW kwenye kipindi cha Long Way Round, na wanaume wengi wakaamua siku hiyo kwamba bila GS hakuna safari. Kule Mongolia pikipiki ya mpiga picha wao, Claudio von Planta, iligoma. Akaendelea na IZH ya Kirusi, nyekundu, waliyoinunua hukohuko. Sijawahi kuona mtu amebandika stika ya hiyo IZH.

Desemba mimi na binamu yangu tulikatia Wote. Kabla ya Makindu mnyororo ukakatika. (Ndiyo, najua, GS inatumia shafti, haina mnyororo wa kukatika. Pointi kwenu.) Tulisukuma hadi kituo cha karibu. Fundi alikuwa chini ya mti, na mnyororo mpya ulikuwa umening'inia kwenye msumari dukani, kando ya tubu na plagi. Hakuhitaji kompyuta kuuliza pikipiki inaumwa wapi. Saa sita tulikuwa hekalu la Masingasinga pale Makindu, tukila chapati na dengu bure kama msafiri yeyote. Hakuna aliyetuuliza tumekuja na cc ngapi.

Sitakudanganya kuhusu kilichofuata. Kati ya Mtito Andei na Voi trela zinakupita, upepo unakutupa kando, na Boxer ikifika themanini inalia kama mbuzi. Hapo nilizitamani zile farasi 136, tena sana. Makalio sitayazungumzia. Mtu akiniambia GS ni salama zaidi kwa kupita trela, sina jibu. Akiniambia yeye ndiye msafiri na mimi ni boda, hapo tutakosana, kwa sababu pikipiki ya safari ndefu kwangu ni ile inayoweza kuharibikia Masii, Wamunyu ama Kibwezi na ikaendelea siku hiyohiyo.

Tulipofika Pwani, soja wa hoteli alinyoosha kidole. "Boda zinapaki nyuma, kwa jikoni."

"Soja, tumelipia chumba."

"Nyuma, bro. Hapa ni ya wageni."

Mbele kulikuwa na GS mbili. Nikamwonyesha namba: zao zinaanza na KM, yangu inaanza na KM. Akazitazama, akanitazama mimi na vumbi langu, akampigia mtu simu. Binamu yangu hakungoja simu iishe. Aliisukuma Boxer hadi katikati ya zile mbili, akaweka stendi, na mafuta ya mnyororo yakaanza kudondokea kabro zao.