Nguva Wetu Tumchape Wenyewe

Kuna maneno yanayozunguka hapa shuleni kwamba ati picha za kuchapa zinazomchanganya binadamu na mnyama au mti ni mambo ya Wazungu. Wengine wanaongeza kuwa ni uchawi mtupu. Mimi nasema la hasha!

Hebu tazama leso aliyojifunga mama yako. Kwani ile si chapa? Imejaa korosho na majani, na jina lake la pili, kanga, husemekana limetokana na ndege yule mwenye madoadoa. Tangu karne ya 19 wanawake wa pwani wanajivika ndege na matunda mwilini, na sijasikia wakiitwa wachawi. Hata Kaya Kinondo, pale Diani, mgeni haingii mpaka ajifunge kitambaa cheusi kiunoni. Msitu wataka heshima ya mwili wako kwanza.

Sasa sikiliza. Msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alitoa mwaka 2012 chapa tisa zenye viumbe wa kike waliochanganyika na maumbo ya wanyama, akikumbuka mabinti tisa wa Mumbi. Mwaka 2014 alifanya maonyesho kule London akayaita "Nguva na Nyoka". Kiswahili kitupu! Nguva yule yule wa hadithi za bibi zetu wa Msambweni, anayewavuta wavuvi majini. Nilipolisoma jina hilo nilifurahi, kisha nikaona wivu. Mbona atolewe na mtu wa bara, tena aonyeshwe ng'ambo, nasi tunaolala tukisikia mawimbi tumenyamaza kimya? Yeye simlaumu, namshukuru.

Nguva si ngano tu, jamani. Ni mnyama anayekula majani ya baharini, na humnyonyesha mwanawe kwa matiti yaliyo karibu na kwapa. Ndiyo maana, yasemekana, mabaharia wa kale walimdhania mwanamke. Lakini hunaswa katika jarife akakosa pumzi, na leo ni adimu mno katika bahari ya Kenya. Tusipomchora sisi, wadogo zetu watamjua kwa jina tu.

Wanaosema hatuna vifaa wanatafuta kisingizio. Kuchapa kwahitaji ubao, kisu kikali, wino, na mgongo wa kijiko wa kusugulia karatasi. Ulipochonga patabaki peupe. Ulipoacha ndipo pashikapo wino. Maneno yachongwe kinyumenyume, la sivyo NGUVA atatoka AVUGN! Anayeanza hata muhogo uliokatwa katikati wamtosha, na Kwale muhogo si haba.

Kwa hivyo napendekeza jalada la toleo lijalo liwe chapa ya wanachama wenyewe: nguva mwenye uso wa mama wa Kidigo, leso ya korosho begani, na jarife limemzunguka. Mimi nitachonga jarife. Anayepinga na aandike, kurasa zipo.