Kuandikiana na Fundi wa Paa Si Matusi

Ndugu msomaji wa Muyinga, nani aliyekufundisha kwamba kuandikiana na fundi ni kumvunjia heshima? Umemkabidhi faranga zote mwezi wa nane. Ameezua vigae vyako, kisha amehamia kazi ya mwingine upande wa Kobero. Mvua ya mwezi wa tisa haitajali urafiki wenu. Utakwenda kwa bashingantahe, nao watakuuliza mlipatana nini, mbele ya nani. Utajibu nini?

Andikeni basi, hata kwenye karatasi ya daftari: mabati ni ya geji 28 au 32 (hii ya pili ndiyo nyembamba, ingawa namba yake ni kubwa, na hapo ndipo wengi hupunjwa), idadi yake, nani atanunua mbao na misumari, na siku ya kumaliza. Lipa kwa awamu. Fungu la mwisho libaki mkononi mwako hadi mvua ya kwanza ilijaribu paa. Fundi mwaminifu naye hupata kinga, kwa kuwa wapo wenye nyumba wanaokana deni mchana kweupe. Anayekataa kutia saini mbele ya shahidi, mwache aende zake kabla hajapanda ngazi.