Mkoba wa Kipakatalishi na Hadaa ya Kitambaa

Masika yaingiapo Nairobi, sisi tuendao kazini kwa baiskeli, vipakatalishi mgongoni, huhadaiwa madukani kwa kauli moja: "Haupitishi maji." Kitambaa huenda hakipitishi, matundu ya sindano na meno ya zipu je? Kifuniko cha mvua nacho huacha wazi upande wa mgongoni, ambako maji hutiririka kutoka shingoni. Kipakatalishi kikilowa, kazi ya miezi yaweza kupotea nacho.

Kwa rai yangu, tudai mkoba wa turubai ulioungwa kwa joto, si kwa uzi, na wenye mdomo wa kukunjwa mara tatu. Bei itauma. Hata huo, msomaji, kwanza utie gazeti kavu, uumwagie ndoo nzima ya maji, kisha ulitoe ulisome.